Mama Anayebeba Moto Kichwani

MSOMAJI, bila shaka umewahi kushuka kwenye matatu jioni ya mwezi wa Julai, baridi ikikukata masikio, ukavutwa na harufu ya mahindi ya kuchoma. Ukageuka, ukamwona mama ameinama juu ya jiko lake, kipande cha katoni mkononi, anapepea makaa. Ukatoa pesa, ukapewa nusu hindi lililopakwa ndimu na pilipili, ukaenda zako. Ukiulizwa leo uso wa mama yule ulikuwaje, je, utaweza kusema?

Mimi nililelewa kwa mahindi hayo. Mama yangu aliyachoma kando ya barabara moja huku Eastlands kwa miaka kumi na mmoja, na ada yangu ya shule ilitoka katika moshi huo. Nakumbuka jioni moja nikiwa darasa la nne. Askari walitokea ghafla, wakalipiga jiko teke, makaa yakamwagika mtaroni. Yalipoingia majini yalilia kama mafuta kikaangoni. Mama hakusema kitu. Aliokota mahindi yaliyosalia, akanishika mkono, tukaenda nyumbani gizani.

Ndiyo sababu nilipopata nafasi ya kuzuru Johannesburg, Afrika Kusini, mwezi wa Julai 2024, sikuwa na haja kubwa ya kuona maduka ya Sandton wala mashimo ya dhahabu. Nilitaka kumwona mama mmoja wa chuma, mrefu kama nyumba ya ghorofa tatu hivi, aliyesimamishwa katikati ya jiji akiwa amebeba jiko linalowaka kichwani.

SAFARI YENYEWE

Kutoka uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta hadi Johannesburg ni mwendo wa saa nne hivi angani. Tangu Januari 2023 Mkenya haombi viza kwa ziara isiyozidi siku 90. Kitu usichopaswa kusahau ni koti. Watu wengi hudhani ukielekea kusini unakwenda kwenye joto, kumbe Julai ni kipupwe cha kwao. Jua linawaka, mbingu haina wingu hata moja, lakini upepo unapita kwenye mifupa.

Ukitoka uwanja wa ndege unaweza kupanda treni ya Gautrain, ukabadilisha njiani na kuteremkia Park Station, katikati ya jiji. Hapo nilipokewa na mwenyeji wangu, Mtanzania wa Tanga ambaye ameuza nguo katika jiji hilo kwa miaka mingi. Alinitazama koti langu jembamba akacheka. "Dada, hilo la kwenda nalo harusini. Hapa utaganda."

Jiji lenyewe lilizaliwa mwaka 1886 dhahabu ilipogunduliwa, na hadi leo wenyeji huliita eGoli, mahali pa dhahabu. Tulitembea kwa miguu kuelekea Newtown, mtaa wa sanaa, yaliko Market Theatre na jumba la Museum Africa. Huko pia ndiko zinakojaa matatu zao, ambazo wao huziita teksi. Nakushauri, msomaji, ukienda usitembee pekee yako katika sehemu hizo, na simu yako iache mfukoni. Tafuta mwenyeji.

Juu ya reli nyingi za treni zinazoingia Park Station kuna madaraja mawili yanayokwenda sambamba. Moja ni jipya, la nyaya ndefu nyeupe, lililofunguliwa mwaka 2003 na kupewa jina la Nelson Mandela. La pili ni la zamani, na bado linaitwa Queen Elizabeth. Sanamu niliyoifuata imesimama chini ya hilo la zamani, mahali ambapo magari hayapungui na watu hawapungui.

VIPANDE VINAVYOUNGANA

Nitakuambia ukweli: nilipoiona mara ya kwanza nilivunjika moyo. Niliona mabamba ya chuma yaliyokatwakatwa, mengine meusi, mengine meupe, yamepachikwa hapa na pale kama karatasi iliyoraruliwa kisha ikarushwa hewani. Takataka hazikukosekana chini yake. Nikafikiri labda imeharibiwa.

"Usisimame hapo, dada," mwenyeji wangu akasema. "Tembea. Tembea huku ukiitazama."

Nikatembea. Hatua kumi, hatua ishirini. Bamba lililokuwa mbele likakutana na lililokuwa nyuma, mweusi ukashika mweupe, na mara mwanamke akatokea. Ana sketi, ana miguu iliyo katikati ya hatua, na kichwani jiko limetulia. Nikasonga tena kidogo, akavunjika, akarudi kuwa vyuma vitupu. Nikarudi nyuma, akatokea tena. Nilifanya hivyo mara kadhaa kama mtoto, na wapita njia wakinishangaa.

Sanamu hiyo inaitwa Fire Walker, yaani yule atembeaye na moto. Iliundwa na wasanii wawili wa Afrika Kusini, William Kentridge na Gerhard Marx, ikasimamishwa mwaka 2009 wakati jiji lilipokuwa likijipamba kwa Kombe la Dunia la 2010. Wasanii hao wangeweza kumchonga jenerali au rais. Walimchagua mwanamke waliyezoea kumwona kwenye daraja hilo hilo: mchuuzi anayepita na jiko lake kichwani, makaa yakiwa tayari yamewaka, kwenda kuchoma mahindi au kupika vichwa vya kondoo kwa ajili ya wasafiri wa teksi.

Jiko lao si kama letu. Ni pipa au debe kuukuu lililotobolewa matundu pande zote, nao huliita imbawula. Nilimwuliza mwenyeji wangu kwa nini mtu abebe moto unaowaka badala ya kuuwasha afikapo. Akanijibu kwa ufupi: "Mteja hangoji makaa." Nikakumbuka mama, ambaye alikuwa akiliwasha jiko uani kwetu kisha akalichukua huku cheche zikiruka, kwa sababu hiyo hiyo.

MOTO KATIKA SANAA

Msanii anaona nini katika moto? Wanafunzi wanaosoma ukurasa huu huenda wameulizwa swali kama hilo darasani. Moto una sifa ambayo vitu vichache vinayo: kitu kile kile kinapika na kinateketeza, kinaangaza na kinapofusha. Kwa hiyo wasanii wa kisasa wameupenda sana wanapotaka kusema mambo mawili kwa mpigo mmoja.

Mwaka 1961 Mfaransa Yves Klein alichora picha kwa ndimi za moto wa gesi badala ya brashi, huku mzimamoto akisimama kando na maji yake. Alichotaka kuacha kwenye ubao ni alama ya kitu kilichokwisha kupita. Naye Mchina Cai Guo-Qiang, ambaye amefanya jina kwa kuchora kwa baruti, aliinua ngazi ya urefu wa mita 500 kwa puto mwezi wa Juni 2015 karibu na Quanzhou, mji aliozaliwa, kisha akaiwasha. Ngazi ya moto ikapanda mbinguni alfajiri. Aliifanya kwa heshima ya nyanya yake aliyekuwa na umri wa miaka 100.

Lakini Kentridge na Marx hawakuwasha hata kiberiti. Moto wao ni wa chuma baridi. Haukuchomi wala haukupashi joto. Unachofanya ni kukuonyesha ni nani anayeubeba.

Kentridge alizaliwa Johannesburg mwaka 1955. Baba yake, Sydney Kentridge, ni wakili aliyewatetea wapinzani wa ubaguzi wa rangi, na katika uchunguzi wa mwaka 1977 kuhusu kifo cha Steve Biko ndiye aliyeisimamia familia ya marehemu. Mwanawe alichagua sanaa, na kifaa chake kikuu ni kitu ambacho wewe unakitupa jaani: makaa. Huchora kwa kipande cha kaa, akakipiga picha mchoro, akafuta sehemu, akachora upya, akapiga picha tena. Picha hizo zikifuatana zinakuwa filamu. Ya kwanza katika mfululizo huo aliitoa mwaka 1989, na mji uliomo ni huo huo wa Johannesburg.

Jambo moja kuhusu makaa ni kwamba hayafutiki kabisa. Ukisugua, kivuli hubaki. Ukizitazama filamu hizo utaona mtu akitembea, na nyuma yake unaona bado mahali alipokuwa amesimama. Kaa ni mti uliokwisha kuungua, na bado lina la kusema. Waswahili husema moto huzaa jivu, tukimsikitikia mtu hodari aliyezaa mwana mzembe. Kwa Kentridge jivu lenyewe ndilo linaloshika kumbukumbu.

KIPANDE KILICHOCHOMWA

Kutoka hapo tulipanda hadi Constitution Hill, kilima ambacho zamani kilikuwa gereza na leo ni makao ya Mahakama ya Katiba. Ukiwa na watoto, usipange kuondoka Johannesburg bila kuwafikisha huko. Gandhi alifungwa katika kilima hicho, Mandela naye akafungwa. Lakini wengi waliojazana katika gereza la Number Four hawakuwa watu mashuhuri. Walikuwa vibarua waliokutwa barabarani bila pasi.

Wazee wetu hapa Kenya hawahitaji kuelezwa pasi ni nini. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia mkoloni aliwavisha kipande, karatasi iliyowekwa ndani ya kijibati na kuning'inizwa shingoni kama kengele ya mbuzi. Afrika Kusini kilikuwa kitabu, na waliokichukia walikiita dompas, yaani pasi ya kijinga. Bila hicho Mwafrika hakuruhusiwa kukaa mjini.

Tarehe 21 Machi 1960 watu waliokusanyika kuipinga pasi huko Sharpeville walipigwa risasi na polisi, wakafa 69. Siku tano baadaye, mjini Pretoria, Chifu Albert Luthuli alikichoma kitabu chake. Tarehe 28 Machi Mandela akakichoma chake huko Orlando, Soweto, mbele ya waandishi wa habari. Moto wenyewe ulikuwa mdogo, wa kitabu kimoja ndani ya chombo cha jikoni. Lakini kila aliyeiona picha yake alielewa kilichosemwa. Sheria za pasi ziliondolewa mwaka 1986, miaka 26 baadaye.

Mahakama ya Katiba, iliyofunguliwa mwaka 2004, ilijengwa kwa matofali ya jela ya mahabusu iliyobomolewa hapo hapo. Ngazi za jela hiyo hazikubomolewa. Zimeachwa zimesimama kama minara, na katika mojawapo uliwekwa mwenge wa demokrasia, ambao Mandela aliuwasha nyumbani kwake Qunu mwaka 2011. Utakumbuka kwamba ndugu zetu wa Tanganyika nao waliupandisha Mwenge wa Uhuru kilele cha Kilimanjaro usiku wa kuamkia uhuru wao, Desemba 1961. Inaonekana kila taifa likitaka kusema limezaliwa upya hutafuta moto.

JENGO LA ALBERT STREET

Nilidhani ziara yangu imekwisha. Mwenyeji wangu akasema kuna moto mmoja zaidi ambao lazima niuone, ingawa haumo katika vitabu vya watalii. Tukateremka hadi Marshalltown, barabara ya Albert, nambari 80.

Ni jengo la ghorofa tano la matofali mekundu. Madirisha yalikuwa matundu meusi, na juu ya kila tundu ukuta ulikuwa na alama ya masizi iliyopanda kama ulimi. Hilo ndilo lililokuwa jengo la Usindiso. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Agosti 2023 liliwaka moto, watu 76 wakafa, watoto wakiwa miongoni mwao.

Jengo lilikuwa mali ya jiji. Liliwahi kuwa makimbilio ya wanawake wasio na pa kwenda, kisha likaachwa, na matapeli wakalichukua na kukodisha vyumba. Humo ndani watu walikuwa wamegawanya nafasi kwa mbao, maboksi na mapazia, wakipika na kujipasha joto pale pale walipolala. Moto ulipozuka, waliokimbilia nje walikutana na malango yaliyofungwa. Tume iliyoongozwa na Jaji Sisi Khampepe ilitoa ripoti yake Mei 2024. Ilisema jiji halikutimiza wajibu wake kama mwenye jengo, na ikapendekeza jengo libomolewe na kuwekwe kibao cha kuwakumbuka waliokufa.

Waliokaa humo hawakuwa wenyeji tu. Kulikuwa na Wamalawi wengi, na Watanzania pia. "Humu ndani, dada, ulikuwa ukipiga hodi kwa Kiswahili na unajibiwa karibu," mwenyeji wangu akasema. Akavua kofia. Hakuongeza neno.

Na sasa sikiliza hili, msomaji. Miaka ya ubaguzi wa rangi, jengo hilo hilo ndilo lililokuwa ofisi ya pasi ya Johannesburg. Hapo ndipo Waafrika walipopanga foleni kuomba ruhusa ya kukaa na kufanya kazi mjini. Watu walivichoma vitabu ili wasipange foleni tena katika milango ile. Miaka sitini na zaidi ikapita, sheria zikafutwa, na maskini wapya waliokuja kutafuta kazi wakalala ndani ya ofisi ile ile, wakaungua humo.

Nilisimama pale nikijaribu kuiweka mioto hiyo pamoja: ule wa mama wa darajani, ule wa kitabu cha Mandela, na huu. Tofauti yake haimo katika moto. Mama wa darajani ameushika moto mwenyewe, anajua anakoupeleka. Mandela aliushika mwenyewe. Watu wa Albert Street waliachiwa moto usio na mwenyewe, mlango ukafungwa.

Sisi wa Nairobi hatuwezi kuusoma msiba huo kama wageni. Tarehe 12 Septemba 2011, katika kijiji cha Sinai huko Mukuru, mafuta yaliyovuja kutoka kwenye bomba yalishika moto, wakafa watu wapatao 100. Na kila msimu wa baridi, hapa na kule, jiko la makaa linaloingizwa ndani na madirisha kufungwa huua familia kimyakimya kwa hewa yake. Kama kuna jambo moja utakalolishika katika makala haya, lishike hilo: usilale na jiko chumbani.

PICHA NILIYOMLETEA MAMA

Jioni ya mwisho nilirudi darajani peke yangu, licha ya ushauri niliokupa wewe. Nilitaka kupiga picha. Karibu na kituo cha teksi palikuwa na mwanamke halisi wa mahindi, amejitanda blanketi, jiko lake la pipa limejaa makaa mekundu. Sanamu ilikuwa inaonekana kutoka pale alipokaa, lakini kutoka upande huo ilikuwa vipande tu. Nikanunua hindi moja. Halikuwa na pilipili wala ndimu, chumvi tu, lakini moshi wake ulikuwa wa kwetu.

Niliporudi Nairobi nilimwonyesha mama ile picha katika simu. Siku hizi hachomi tena, magoti yamekataa. Alivaa miwani, akaitazama muda mrefu.

"Huyu hajaweka ngata," akasema. "Ataungua."

Nikamweleza kwamba ni sanaa, kwamba jiji zima lilimsimamisha pale ili kuwapa heshima akina mama kama yeye. Akatikisa kichwa polepole. Niliona amefurahi, lakini hakutaka nijue. Kisha akanirudishia simu.

"Ni vizuri," akasema. "Na wale wenyewe, wamejengewa kibanda?"

Sikuwa na jibu, msomaji. Yule niliyenunua hindi kwake alikuwa amekaa juu ya kreti.

Usafiri wa Johannesburg ni ghali na si kila familia itaweza. Lakini mambo mawili unaweza kuyafanya hapa hapa. La kwanza ni la watoto. Kesho asubuhi, jiko likiwa limepoa kabisa, waokotee vipande vya makaa vilivyozimika, uwape karatasi kuukuu. Wachore, wafute kwa kitambaa, wachore tena juu yake. Waone jinsi mstari wa kwanza unavyokataa kuondoka.

La pili ni lako wewe. Jioni ukishuka kwenye matatu na kuisikia harufu ile, usinyooshe mkono tu. Sogea mpaka umwone mama mwenyewe, umsalimu, umwulize biashara yaendaje. Na siku diwani wa mtaa wako atakapokuja kuomba kura, mwulize lile swali la mama yangu.